Watoto Wasiohesabiwa

Ndege wa Bujonde, kule Kyela, hawajui Jumapili wala Jumatatu. Jua likichungulia tu kutoka nyuma ya milima ya Livingstone, wao wameshafika mezani, tena bila kukaribishwa. Ndiyo maana, mpunga ulipoanza kutoa masuke, Atupele alikuwa anaianza siku yake juu ya dungu katikati ya shamba la baba yake, akigonga debe bovu na kupayuka mpaka sauti inakwaruza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo wake Gwamaka, wa miaka kumi, alisimama upande wa pili na kombeo lake. Gwamaka alikuwa hodari wa kurusha mawe. Tatizo ni kwamba ndege nao walikuwa hodari wa kuyakwepa.

"Wewe Gwamaka, unawapiga au unawasalimia?" Atupele alimpigia kelele.

"Leo nawaonya. Kesho ndiyo napiga."

"Jana pia uliwaonya!"

"Ni wagumu wa kuelewa hawa."

Walicheka, wakaamia ndege mpaka jua likapanda, kisha wakakimbia nyumbani kunawa matope miguuni. Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Babu yao alikuwa na shamba la kumtosha mtu kujivuna, lakini alipofariki liligawanywa kwa wanawe sita, na kipande cha baba yao, Lameck, kikawa chembamba kama mkanda wa suruali. Watu wa jirani walitania kwamba ng'ombe wa Lameck akigeuka, mkia unaingia kwa mwenzake.

Nyumbani walimkuta mama yao, Prisca, ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi za kupika, tumbo limemtangulia. Ilibaki miezi miwili ajifungue. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mpole, aliyeolewa akiwa na kumi na sita, na mtu akimtazama mikono angedhani ana hamsini. Pembeni yake Ezra wa miaka sita alikuwa akimfukuza kuku, na Maria wa miaka miwili alikuwa akimfukuza Ezra.

Aliyekuwa akiwasimamia wote hao, kuku akiwemo, ni Bibi Tulinagwe, mama yake Lameck. Bibi alibakiwa na meno manne tu, lakini maneno yaliyopita katikati ya meno hayo yangejaza gunia kila siku.

"Mmewafukuza ndege au mmewalisha?" aliuliza.

"Tumewafukuza, Bibi."

"Ndaga fijo, asanteni sana, wajukuu zangu. Kuleni mwende shule. Na wewe Atupele, funga kifungo hicho, usije ukamfundisha mwalimu wako mambo mapya."

Siku hiyo darasa la sita walikuwa na Mwalimu Yasini. Alichora chungu kikubwa ubaoni, kama vile vinavyouzwa sokoni Lyulilo, akachora mishale miwili inayoingia na miwili inayotoka.

"Hiki ni kijiji," alisema. "Watu wanaingia humu kwa njia mbili: kuzaliwa na kuhamia. Wanatoka kwa njia mbili: kufa na kuhama. Nendeni nyumbani mkaulize. Katika nyumba yenu wamezaliwa wangapi, wamefariki wangapi, wamehamia wangapi, wamehama wangapi? Kesho mniletee."

Badru, mtoto wa mwenye duka la pale kituo cha basi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mbuzi tuwaandike?"

"Wa kwenu wakijua kusoma, waje wajiandike wenyewe."

Darasa likaangua kicheko. Atupele naye alicheka, ila kicheko chake kilikatika njiani. Alikuwa anafikiria migomba ya nyuma ya nyumba yao.

Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kulikuwa na vituta vitatu vidogo. Hakuna aliyewahi kumwambia Atupele ni vya nini, na hakuna aliyehitaji kumwambia. Cha kwanza kilikuwepo kabla yeye hajazaliwa. Cha pili alikikumbuka kidogo: kaka aliyekuwa ameanza kutembea, homa ikampanda kwa siku tatu, siku ya nne watu wakajaa uani. Cha tatu alikikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Alikuwa na miaka tisa. Mama alijifungua mtoto asiyelia, kisha akatoka damu mpaka akazimia, na wanawake wakawa wanapita na beseni huku wamefunika kwa kanga. Mama alipopona, alipalilia pale chini ya migomba kila wiki, kimya kimya, kama mtu anayepalilia bustani.

Jioni Atupele alimfuata bibi yake, daftari mkononi.

"Bibi, mwalimu ameuliza. Katika nyumba hii wamezaliwa wangapi?"

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani.

"Wanne. Huwaoni?"

"Na wale..."

"Atupele!" Bibi aliweka ungo chini. "Mama yako ana mtu tumboni. Katika nyumba yangu, mwenye mimba hahesabiwi waliotangulia. Ukiwataja, yule aliye tumboni anasikia, anawafuata. Mama yangu alinifunza hivyo, na mimi nimemfunza mama yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Bibi akaendelea kupepeta. Kisha sauti yake ikalegea. "Unajua kwa nini zamani tulizaa wengi? Mtu anayepanda mpunga kwenye ndege wengi hapandi kidogo. Anapanda na fungu la ndege. Surua inachukua fungu lake, homa inachukua lake, tumbo la kuharisha linachukua lake. Wewe unaomba tu wabaki wa kukuzika. Basi. Sasa nenda kamwogeshe Maria."

Atupele akaandika daftarini: *Waliozaliwa: 4. Waliofariki: 0.* Kesho yake Mwalimu Yasini aliweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Alama hiyo, Atupele aliona, ilikuwa nzuri sana, na hakutaka kuitazama mara mbili.

Wiki iliyofuata shule zilifungwa kwa mapumziko mafupi, na Atupele akawasindikiza mama na bibi zahanati, Maria mgongoni. Muuguzi wa pale alikuwa mgeni. Yule wa zamani, aliyewajua akina mama wote kwa majina na visa vyao, alikuwa amehamishwa. Kadi ya zamani ya mama nayo ilichukuliwa na mafuriko ya mwaka jana, pamoja na kuku saba na kiatu kimoja cha baba. Kwa hiyo muuguzi mpya, Nesi Hanifa, binti wa wafanyabiashara wa Mbugani kule Kyela mjini, alifungua kadi mpya na kuanza upya.

"Shikamoo, bibi. Karibuni. Haya mama, hii ni mimba yako ya ngapi?"

Mama alifungua mdomo. Bibi akawahi. "Ya tano, mwanangu. Anao wanne, wote wazima kama unavyomwona huyu mrefu hapa."

"Hajawahi kupoteza mtoto? Hajawahi kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua?"

"Hajawahi."

Mama alikuwa anatazama sakafu. Nesi Hanifa alimtazama kidogo, kalamu ikiwa juu ya kadi, kisha akamgeukia Atupele na kutabasamu.

"Haya msomi wa nyumba, ni kweli? Bibi hanidanganyi? Bibi zetu hawa wajanja."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Atupele aliiona kama mlango uliofunguliwa. Lakini bibi alikuwa amemkazia macho, na mama alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, kama anaziba masikio ya mtu aliye ndani. Atupele akaogopa. Akafikiria: nikisema halafu mtoto akafa, nitakuwa nimemuua mimi.

"Ni kweli," alisema.

Nesi Hanifa akaandika. "Basi ukiona dalili, njoo hapahapa, mama. Usisubiri nyumbani. Tutazaa salama, Inshallah."

Njiani kurudi bibi, ambaye kwa kawaida angemsalimia hadi mti, alitangulia mbele kwa hatua za haraka.

Mvua za mwaka ule zilikuwa za hasira. Mto ulifurika, barabara ya kwenda zahanati ikawa na kidimbwi kila baada ya hatua kumi, na mpunga ukasimama majini mpaka shingoni. Asubuhi moja, wiki tatu kabla ya siku iliyoandikwa kwenye kadi, Mama aliinama kuokota kuni, na hakuinuka. Alipiga magoti pale jikoni, akashika ukuta.

"Mama," alimwita bibi kwa sauti ndogo, "kuna damu."

Bibi alitazama. "Damu kidogo ni kawaida," alisema, lakini alikuwa ameshaanza kutafuta kanga.

Lameck alikimbia kutafuta bodaboda. Dereva, kijana aliyeitwa Aliko, alimweka mama katikati, Lameck akakaa nyuma kumshikilia, wakaondoka pikipiki ikicheza kwenye matope. Atupele na bibi walifuata kwa miguu, wakikata mashamba, maji mpaka magotini. Gwamaka aliachwa na wadogo zake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote.

Walipofika, mama alikuwa amelala kitandani, uso umebadilika rangi kama jivu. Nesi Hanifa alikuwa amevaa glavu, anapima, anauliza haraka haraka.

"Mimba ya tano, siyo? Na hakuna shida yoyote huko nyuma? Nisaidieni, nijue nashughulika na nini."

Lameck alimtazama mama yake. Katika mambo ya uzazi alikuwa amezoea kumwachia yeye aseme. Bibi akasema, "Ya tano," lakini safari hii sauti haikutoka vizuri.

Atupele alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Aliona tone moja likidondoka kutoka kitandani hadi sakafuni, halafu lingine. Akakumbuka mabeseni.

"Ni ya nane," alisema.

"Atupele!" bibi alimkemea.

"Ni ya nane, nesi! Watatu walikufa. Wa kabla ya Maria hakulia, na mama alitoka damu mpaka akazimia, akalala siku mbili hajui kitu. Nilimwona. Nilikudanganya siku ile, nesi. Ni ya nane!"

Kisha mama, akiwa amefumba macho, akasema polepole, "Ni kweli anavyosema."

Nesi Hanifa hakumgombeza mtu. Hakuwa na muda huo. Alichukua simu, akapiga hospitali ya wilaya, akasema maneno machache makavu: mimba ya nane, aliwahi kutoka damu, anatoka damu sasa, leteni gari, andaeni damu. Akamtundikia mama dripu. Kisha akamgeukia Lameck.

"Baba, gari halitavuka lile daraja la mbao, maji yamelifunika. Tafuta wanaume. Tutambeba hadi ng'ambo, gari litukute pale. Na wewe, na ndugu zako wote wenye afya, nifuateni hospitali. Atahitaji damu yenu."

Ndugu watano wa Lameck, wale wale waliogawana shamba hadi likawa mkanda, walikuja. Walifunga blanketi kwenye miti miwili, wakamweka Prisca juu yake, wakaingia kwenye maji yaliyowafika kiunoni wakiwa wameinua mikono. Nesi Hanifa alitembea kando, chupa ya dripu juu ya kichwa chake, viatu vyake vya kazini vimeshakwenda na maji. Atupele alibaki upande huu. Aliwatazama mpaka walipopotea nyuma ya mikakao ya watu.

Hakuna kazi ngumu kama kusubiri. Kupalilia kuna mwisho, hata kuamia ndege kuna jua la kuzama, kusubiri hakuna. Bibi alikaa kwenye kigoda cha Prisca mchana kutwa. Saa kumi jioni simu ya jirani ililia. Jirani alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, akamtazama bibi.

"Prisca mzima. Wamempa chupa nne za damu. Daktari amesema wangechelewa nusu saa, tungekuwa tunasema mengine."

"Na mtoto?" Bibi aliuliza.

Jirani akatikisa kichwa. "Wa kiume. Hawakumuwahi."

Walimzika siku iliyofuata chini ya migomba, kituta cha nne, kidogo kuliko ungo. Lameck mwenyewe alichimba. Mama alikuwa bado hospitali. Hakumwona mwanawe akiwekwa chini. Wanawake waliimba wimbo wa kanisani, mvua ikawanyeshea, hakuna aliyekwenda kujikinga. Ezra alimvuta dada yake nguo. "Huyu naye hatumhesabu?" aliuliza. Atupele alimbeba tu, mzito kama alivyokuwa, akalia shingoni mwake.

Mama alirudi baada ya siku kumi, amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Juma la tatu Nesi Hanifa alikuja kumwona nyumbani, viatu vipya miguuni.

"Hodi hapa! Nimekuja kudai viatu vyangu. Mto wenu umenilia."

Lameck alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Walimkaribisha, wakampa kiti chenye miguu minne mizima. Alimpima mama, akaridhika, kisha akakaa nao. Atupele alileta maji ya kunywa, akabaki amesimama na kikombe. Alikuwa amekaa na swali siku ishirini.

"Nesi. Ningesema siku ile ya kadi, mtoto angepona?"

"Atupele, acha," baba yake alisema.

"Mwache, baba. Ameuliza vizuri." Nesi Hanifa aliweka mikono magotini. "Sijui, mwanangu. Sitakudanganya kwa sababu unalia. Labda angepona, labda asingepona. Ninachojua ni hiki: ningejua ni mimba ya nane, na kwamba aliwahi kutoka damu, nisingemwambia ajifungulie kwangu. Ningemwambia aende mjini mwezi mzima kabla, akae karibu na hospitali. Angelala hata kwa mama yangu pale Mbugani, chumba kipo. Damu ilipoanza angekuwa hatua mia mbili kutoka kwa daktari, siyo ng'ambo ya mto."

Bibi alijifunika uso kwa kanga.

"Lakini sikia na upande wa pili," Nesi Hanifa aliendelea. "Siku ile pale mlangoni ulisema. Ulikuwa unaogopa na ukasema. Mama yako amekaa hapa kwa sababu hiyo. Ukweli ukiwahi ni dawa, ukichelewa unabaki kuwa pole. Wako ulichelewa kwa mtoto, ukawahi kwa mama. Beba vyote viwili. Usitupe kimoja."

Atupele alipangusa macho kwa mkono. Mama yake alimvuta, akamkalisha kando yake mkekani.

Lameck alikohoa. "Nesi, mimi nikuulize la kiume. Sisi tulikuwa tunaongeza kwa sababu wanapungua. Akifa mmoja, wazee wanasema jaza pengo. Tena shamba linataka mikono. Sasa mikono ninayo, shamba ndiyo sina."

"Ndivyo inavyokwenda, baba. Watu hawazai wengi kwa ujinga. Wanazaa wengi kwa hofu. Binti akitolewa shule na kuolewa akiwa na kumi na sita, anaanza mapema, mwili haujakomaa. Mtoto akifa kwa homa, mwingine anafuata kabla mama hajapata nguvu; naye anazaliwa dhaifu, na pengo linazaa pengo. Lakini mtoto akilala ndani ya chandarua, akichanjwa, akiwahishwa akipata homa, anaishi. Wakiishi, hofu inapungua, na mtu anaweza kupumzika. Na huyu Atupele akimaliza shule, akachagua mwenyewe lini na wangapi, hesabu ya nyumba yake itakuwa nyingine." Akamgeukia mama. "Daktari amekueleza?"

"Amenieleza," Mama alisema. Ilikuwa mara ya kwanza Atupele kumsikia akijibu nesi mwenyewe. "Amesema tumbo langu halitavumilia tena. Nimesema nataka kupumzika kuzaa. Moja kwa moja."

Kila mtu alimtazama Lameck. Alichorachora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Nilimbeba kwenye yale maji," alisema hatimaye. "Alikuwa mwepesi kama debe tupu. Nitamsindikiza mimi mwenyewe."

Siku ya kliniki iliyofuata, Lameck alimpeleka mkewe kweli, amevaa shati la kanisani. Bibi Tulinagwe akasema naye anakwenda. Hakuna aliyemwalika, bibi hakuwa mtu wa kungoja mwaliko. Atupele akafuata na Maria mgongoni.

Benchi la zahanati lilikuwa limejaa akina mama wajawazito, na wawili watatu walikuja na mama wakwe zao. Bibi hakuketi. Alisimama mbele yao wote, kanga imefungwa vizuri, meno yake manne yakionekana.

"Mugonile, binti zangu. Mimi ni Tulinagwe. Wengine mnanijua kwa mdomo wangu." Wachache walicheka. Bibi hakucheka. "Nimezaa kumi na mmoja. Nimezika watano. Nina miaka sabini na tatu, na leo ndiyo mara ya kwanza nasema hivyo mbele ya watu."

Wanawake kwenye benchi waligeuka kumtazama.

"Nilifunzwa kwamba ukiwataja waliotangulia, aliye tumboni anawafuata. Nikamfunza na mkwe wangu. Tukanyamaza, na wa nane akawafuata hivyo hivyo. Hakufuata majina, hakuna aliyeyataja. Alifuata kimya changu. Na mkwe wangu naye alikuwa njiani kwenda, mpaka mtoto huyu aliponikaidi." Alimshika Atupele bega kwa nguvu. "Mimi bibi yake ninasema mbele yenu: alifanya vema kunikaidi. Kumheshimu mkubwa ni kwema, lakini heshima isiyookoa uhai wa mtu si heshima. Mkiulizwa humu ndani, semeni. Wote. Wazima na waliolala. Na nyinyi wenzangu mliowasindikiza wakwe zenu, mkae kimya wajibu wenyewe. Najua ni vigumu. Mimi mwenyewe nitashindwa mara nyingine."

Mlango ulifunguliwa, Nesi Hanifa akatokeza kichwa. "Anayefuata!"

Aliinuka mwanamke kijana, tumbo kubwa, mama mkwe wake akainuka naye. Nesi alishika kadi, kalamu tayari.

"Umeshazaa wangapi, mama?"

Mama mkwe alivuta pumzi ya kujibu, akamwona Bibi Tulinagwe anamtazama, akaifunga midomo yake. Mwanamke kijana alitazama chini, akatazama mlangoni, akaanza kukunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Watano," alisema. "Wapo wawili."

"Pole sana, mama," Nesi Hanifa alisema kwa upole. "Ingia ukae. Nianzie kwa wa kwanza. Aliitwa nani?"